Kiongozi mwenye uchungu: anajenga wapi, anabomoa wapi?

#1 Mtunza Leja

Habari za jioni wanajamvi. Shikamooni wakubwa zangu.

Nimesoma nyuzi nyingi humu zinazotaka tupate "kiongozi mwenye uchungu". Uchaguzi ukikaribia, mkurugenzi akiteuliwa, mwalimu mkuu akihamishwa, swali letu ni hilo hilo: ana uchungu? Nami niko upande huo. Nimewahi kuwa chini ya mabosi wanaosaini faili bila kulifungua na saa nane mchana hawaonekani tena, na sitamani kurudi huko. Lakini nimefanya kazi pia miaka sita chini ya mtu mwenye uchungu wa kweli, nikiwa mhasibu wake. Kuna jambo nililiona pale ambalo sijalisikia likisemwa, ndiyo maana nimeleta uzi huu. Ni mrefu, naomba mnivumilie.

Shirika letu lilikuwa dogo, kazi yetu kuchimba visima katika wilaya moja kavu ya kanda ya kati. Jina la shirika na la wilaya naomba niyaache. Mkurugenzi tulimwita Mama. Kabla ya hapo alikuwa muuguzi wodi ya watoto, akaona watoto wanavyokwisha kwa kuhara, akaacha kazi ya serikali na pensheni yake akaenda kutafuta maji. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Tukienda kijijini alilala darasani kwenye mkeka kama sisi, na asubuhi alisomba mchanga na kina mama. Mwaka mmoja fedha za mfadhili zilichelewa miezi miwili, akauza pikapu yake mwenyewe. Hizo fedha nilizipokea kwa mikono yangu zikiwa zimefungwa kwenye gazeti. Akaniambia nianze na walinzi na mpishi, kisha madereva, kisha wengine wote, yeye baadaye. Mwezi ule mbele ya jina lake kwenye orodha ya mishahara niliandika sifuri.

Kwa mtu kama yule unafanya kazi hadi unasahau kula. Posho huulizi. Dereva wetu mmoja aliitwa mjini kwa mshahara mara mbili, akakataa, na hakuna aliyemwomba akatae. Nguvu hiyo hainunuliki, na yeyote anayesema uongozi ni taratibu na vikao tu hajawahi kuiona.

Sasa nifike kwenye kikao kimoja, mwezi wa kumi, saa tatu usiku. Tulikuwa tumeahidi vijiji 11 maji kabla ya Krismasi. Fundi wetu wa visima, kijana mtulivu, alileta karatasi ya vipimo. Akasema visima vinne maji yake yana chumvi nyingi mno, watu hawatayanywa. Tuvifunge, tuhamishe mtambo, hata kama itabidi tumalizie mwakani. Mama alimtazama kitambo. Akasema polepole, bila kufoka: "Wewe hujawahi kumvisha mtoto sanda." Machozi yakamtoka.

Chumba kizima kimya. Fundi aliikunja ile karatasi mara mbili akaitia mfuko wa shati. Mimi nilikuwa na daftari la fedha mapajani. Gharama ya kuhamisha mtambo nilikuwa naijua, na nilijua hela ipo. Sikufungua mdomo.

Desemba tukazindua. Kwenye kimoja cha vile visima vinne, kina mama walicheza ngoma, Mama akabonyeza pampu, maji yakatoka meupe safi. Nilikuwa nimesimama karibu na bibi mmoja aliyekinga kiganja akanywa. Uso ulimkaza. Akageuka pembeni akatema kwenye ncha ya khanga yake, wageni wasione, kisha akageuka tena akapiga vigelegele na wenzake. Wiki mbili baadaye wanawake wa kijiji kile walikuwa wamerudi korongoni kuchimba maji mchangani, ndoo kichwani, kama zamani.

Bosi mkali watu humnyamazia kwa woga, lakini wakitoka nje wanamsema, minong'ono inazunguka, na siku moja ukweli humfikia kwa mlango wa nyuma. Mama yetu tulimnyamazia kwa aibu. Hata pembeni hatukumsema. Nani amseme mtu aliyeuza pikapu yake ili wewe ulipwe? Kosa lilipoingia halikuwa na njia yoyote ya kumfikia.

Naamini historia yetu wenyewe ina mifano mikubwa ya jambo hili. Karibuni tujadili.


#2 Mkongwe wa Ukonga

Marahaba mwanangu. Uzi mzuri, ila nachelea vijana watausoma vibaya, waseme uchungu ndio ulioturudisha nyuma. Ngoja niweke mezani upande wa pili.

Mwalimu Nyerere mwaka 1955 alikuwa akifundisha Pugu, akaambiwa achague, ualimu au siasa. Akaacha mshahara, akabaki na TANU ambayo haikuwa na hata mwaka mmoja tangu izaliwe Julai 1954. Januari 1962, uhuru haujatimiza miezi miwili, akaacha uwaziri mkuu, akamkabidhi Kawawa, akarudi kujenga chama. Wangapi leo wanaachia kiti kwa hiari?

Halafu Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Novemba 1965 waziri mkuu wake, Ian Smith, alijitangazia uhuru wa walowezi wachache, Uingereza ikasitasita. Nchi za Afrika zikakubaliana kuvunja uhusiano na Uingereza. Zilizotimiza zilikuwa chache, Tanzania ikiwamo, Desemba hiyo hiyo. Tulikuwa na mkopo wa Waingereza wa pauni milioni 7.5 unasubiriwa, na nchi hatuna barabara za lami za kuhesabu. Ukazuiwa. Mwalimu alijua utazuiwa na hakurudi nyuma. Kwa nchi maskini ile ilikuwa fedha ya kutisha. Ndiyo sababu Msumbiji, Zimbabwe na Afrika Kusini wanatutaja kwa heshima hadi leo. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa hapa hapa Dar mwaka 1962, na kamati ya ukombozi ya OAU, umoja wa nchi huru za Afrika, ilikaa hapa.

Na mambo ya nyumbani je? Mwaka 1973 nilikuwa shule ya msingi. Kampeni ya Mtu ni Afya ilipokuja, watu wazima walikaa mbele ya redio moja chini ya mwembe kama watoto wa shule, mmoja akiwasomea kitabu, kisha wanajadiliana. Baba yangu, ambaye hajawahi kuambiwa kitu na mtu akakitii, alichimba choo wiki ile. Mama alijifunza kuandika jina lake kwenye elimu ya watu wazima akiwa na wajukuu wawili. Karatasi ya kwanza aliyoandika nimeihifadhi, herufi zinapanda mlima. Hakuna mtaalamu wa mipango angeweza kumtoa mama yangu jikoni jioni akashike kalamu. Alitolewa na imani kwamba kiongozi wake anamtaka asome na anamaanisha.

Kwa hiyo twende polepole.


#3 Mtunza Leja

Mzee wangu, shukrani sana. Hiyo karatasi ya mama uitunze. Ulichosema sikipingi hata mstari mmoja, na ndiyo maana namchagua Mwalimu kwenye mjadala huu. Mwizi hana cha kutufundisha hapa.

Tuchukue Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua wahitimu wa chuo waende JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kisha wafanye kazi kwa muda wakipokea sehemu tu ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu na mabango yao. Mwalimu aliwakaribisha, akawasikiliza. Risala yao ilikuwa na maneno ya hovyo, ikiwamo kwamba afadhali enzi za mkoloni. Lakini ndani yake kulikuwa na hoja nzito: kwa nini wajinyime wao, wakati waliopo madarakani wanalipwa vinono?

Hoja hiyo ilimchoma. Siku ile ile alitangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Na siku ile ile wanafunzi karibu 400 wakafukuzwa chuo, wakarudishwa makwao.

Mambo hayo mawili yalitoka katika moyo mmoja. Miezi minne tu baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Ukiisoma miiko ile unaiona hoja ya wale vijana imekaa ndani yake. Aliichukua, akaanza na mfuko wake, kisha akaifanya sheria ya wakubwa wote. Wao waliomletea akawafukuza.

Najua wengi walirudishwa masomoni baadaye. Ninachowafikiria ni watu waliokuwa wakitazama siku ile, wakuu wa idara, makatibu, wakuu wa mikoa. Walijifunza nini? Walijifunza kile fundi wetu alichojifunza alipoitia karatasi mfukoni. Ukweli unaweza kufanyiwa kazi, na wewe uliyeuleta ukaondoka.

Mfano wa pili ndio unaoniuma zaidi, nao ni Litowa.

Kule Ruvuma, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, wakalima pamoja, wakagawana kwa kazi, wakaamua mambo yao kwenye mikutano. Vijiji jirani vikaiga, vikaungana kuwa chama chao cha maendeleo, Ruvuma Development Association. Mwishoni vilikuwa zaidi ya 15. Walikuwa na shule yao Litowa ambayo watoto walisoma na kulima, na mashine ya kusaga Songea mjini. Hakuna aliyewalazimisha. Mwalimu alifika, akaona, akawasifu. Mengi aliyoyaandika kuhusu ujamaa vijijini watu wale walikuwa tayari wanayaishi.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikaa ikaamua kile chama kivunjwe. Wakubwa wa mkoa na wengi kwenye Kamati hawakupenda wakulima wanaojiamulia wenyewe bila kupitia kwao. Mali zikachukuliwa, mashine ikiwamo. Walimu wa shule ya Litowa wakahamishwa. Mwalimu aliukubali uamuzi ule.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikifikiria. Waliouelewa ujamaa wake kuliko wote nchini walivunjwa kwa jina la ujamaa. Na sioni kwamba aliwachukia. Nadhani alipenda umoja wa chama kiasi kwamba hakuweza kusimama upande wa wakulima wachache dhidi ya wenzake. Mwenye uchungu ana maadili zaidi ya moja, na siku yakigongana ndipo unajua lipi liko juu. Lake lilikuwa umoja. Litowa ililipa.


#4 Mnyalukolo

Mleta uzi, kamwene. Mimi ni wa Iringa, na hili la uchungu kwetu lina kaburi.

Isimani ilikuwa ghala la mahindi, na wakulima wenye matrekta walikuwepo. Mkuu wa mkoa alikuwa Dk. Wilbert Klerruu, msomi, kijana bado, na wazee wetu waliomwona wanasema alikuwa mchapakazi kweli, si mla rushwa. Aliuamini ujamaa kwa moyo wote. Alishinda mashambani akihimiza vijiji.

Siku ya Krismasi mwaka 1971, Klerruu alifika shambani kwa mkulima Saidi Mwamwindi, akamkuta analima. Wakagombana. Mwamwindi akaingia ndani, akatoka na bunduki, akampiga risasi akafa. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la mkuu wa mkoa mwenyewe, akaendesha hadi polisi Iringa mjini akajisalimisha. Alihukumiwa akanyongwa.

Babu yangu alikuwa akilisimulia hili jioni tukipukuchua mahindi, na kila mara alisimama pale pale: mkuu wa mkoa alifuata nini shambani kwa mtu siku ya Krismasi? Alisema mtu mwizi au mvivu angekuwa nyumbani anakula. Bidii ndiyo iliyompeleka. Babu hakumpenda Klerruu, ila alimsikitikia. Na Mwamwindi alimsikitikia. Alikuwa akisema wote wawili walikuwa watu wa kazi.


#5 Kijana wa Kahama

Wakuu, nawasoma kwa makini. Lakini si ndiyo yale yale ya siku zote kwamba Mwalimu alikuwa sahihi, watendaji ndio walioharibu? Kiongozi mwenye maono akipewa watendaji wabovu afanyeje? Naona mleta uzi anambebesha mzigo usio wake.


#6 Mtunza Leja

Mdogo wangu, swali lako ni la haki, na nimelifikiria miaka.

Mwaka 1968 Mwalimu mwenyewe aliandika kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuanzishwa kwa nguvu, watu lazima waingie kwa hiari na kwa kuelewa. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe kijijini. Kati ya miaka hiyo mitano kulikuwa na nini? Kulikuwa na mtu anayeona watoto wanakufa bila zahanati, watu wametawanyika porini huwezi kuwapelekea shule wala bomba, na miaka inapita. Naufahamu moyo huo. Niliuona kwenye kikao chetu saa tatu usiku. Krismasi inakuja, vijiji 11, tumeahidi.

Sasa jiweke wewe uwe mkuu wa wilaya mwaka 1974. Unamjua Rais. Unajua hapokei zawadi, hivyo huwezi kumfurahisha kwa ng'ombe. Utamfurahisha kwa nini? Kwa idadi. Umehamisha kaya ngapi? Mwenzako wa wilaya jirani ana nyingi kuliko wewe. Unaleta malori ya jeshi, unang'oa mapaa, mahali pengine nyumba zinachomwa ili watu wasirudi. Unaweka kijiji kandokando ya barabara ili mgeni akipita akione, hata kama udongo pale ni kichanga na mashamba ya watu yamebaki kilomita kumi nyuma. Ukame wa 1973 na 1974 unakuta watu wamehamishwa msimu wa kulima, na nchi inaagiza chakula nje. Mamilioni walihamishwa, vijiji vikafika zaidi ya 7,000. Hesabu ilitimia.

Kwa hiyo ndiyo, mikono ilikuwa ya watendaji. Lakini mtendaji humwiga mkubwa. Chini ya mkubwa asiyeamini kitu atajipendekeza kwa bahasha, na chini ya mwenye uchungu atajipendekeza kwa bidii iliyopitiliza. Atakuwa mkali kuliko bosi wake na kuamini kuliko bosi wake, na ukimwuliza atakuambia anatekeleza maadili. Namtofautisha na Klerruu, ambaye kwa maelezo ya ndugu Mnyalukolo aliamini kweli. Wengi hawakuamini. Walijua tu kwamba mbele ya mtu yule kusita kunaonekana kama kukosa uzalendo.

Na tusisahau waliopata shule na zahanati kwa sababu ya vijiji vile. Nimezaliwa katika kimojawapo. Shule niliyosoma isingekuwepo.

Jambo moja linanifanya nimheshimu Mwalimu hata hapa. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, aliulizwa kwenye mahojiano angebadili nini kama angeanza upya. Akasema wazi asingefuta serikali za mitaa na asingevunja vyama vya ushirika. Za mitaa zilifutwa 1972, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa 1976. Vitazameni vitu hivyo viwili. Vyote vilikuwa sehemu ambazo mwananchi angeweza kusimama akasema hapana, hapa mmekosea. Alivifunga, halafu kwa miaka mingi hakusikia ile hapana, na aliposikia ilikuwa imechelewa sana.


#7 Mama wa Kariakoo

Shikamoo Mkongwe wa Ukonga, na wengine hamjambo.

Nilitaka kunyamaza ila mmenikumbusha 1983. Waziri mkuu Sokoine, Mungu amrehemu. Sabuni hakuna, sukari hakuna, khanga inauzwa kwa kujuana, na yeye akatangaza vita na wahujumu uchumi. Tulimpenda, jamani. Kwa mara ya kwanza tuliona mkubwa anakasirishwa na kitu kile kile kinachotukasirisha sisi kwenye foleni. Watu walitupa bidhaa barabarani na mitaroni usiku wasikutwe nazo. Mtaani kwetu tuliamka tukakuta mabunda ya vitambaa kwenye mtaro, yamelowa.

Lakini na jirani yetu alichukuliwa. Kaduka kadogo, katoni kadhaa za sabuni chini ya kitanda. Sheria ya mwaka ule ilinyima dhamana, ikanyima hata wakili. Mke wake alizunguka vituo na chakula kwenye kitambaa, hajui mumewe yuko kipi. Nilikuwa msichana nikamsindikiza mara mbili. Sikuwahi kusikia mtu mtaani akiuliza kama yule baba anastahili, hata mama yangu hakuuliza. Ungeulizaje bila kuonekana mko pamoja naye? Mwaka uliofuata sheria ile ikabadilishwa, wakili na dhamana vikarudi.

Tarehe 12 Aprili 1984 tuliposikia amefariki kwa ajali pale Dakawa, yule mke wa jirani alilia kama sisi wengine. Nililiona hilo kwa macho yangu na mpaka leo sijui niliseme vipi. Alimpenda mtu ambaye sheria yake ilimla.


#8 Nyeri Kwetu

Hamjambo wadau. Mimi ni Mkenya, nimefuata uzi huu tangu jana na nimeguswa sana na hiyo habari ya kisima.

Niwaletee Wangari Maathai, mtetezi wetu wa mazingira, kwa sababu uchungu wake hakuna asiyeujua. Mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, wabunge walimkejeli bungeni, na jengo halikujengwa. Mwaka 1999 alipigwa akitokwa na damu kichwani akitetea msitu wa Karura, na Karura bado ipo, nimetembea humo na watoto wangu. Mtu bila moto angekaa nyumbani.

Lakini kuna kitu kidogo kuhusu Green Belt, harakati ya kupanda miti aliyoianzisha 1977, ambacho watu hawakizungumzi. Wanawake walilipwa pesa kidogo kwa kila mche, na malipo yalikuwa kwa mche uliopona, si mche uliopandwa. Lazima mtu arudi baada ya miezi kadhaa, ainame, ahesabu iliyo hai. Shosho (bibi) yangu alikuwa kwenye kikundi kimoja. Alisema wakati wa kuhesabu hakukuwa na hotuba. Mche umekauka, umekauka. Wataalamu wa misitu walikuwa wamesema wanawake wasiosoma hawawezi kazi hiyo, ni ya wenye diploma. Wanawake wakajaribu mbegu za kwao, zikikataa wanasema zimekataa, wanajaribu njia nyingine. Kufikia tuzo ya Nobel mwaka 2004 miti ilikuwa zaidi ya milioni 30.

Nikisoma kisa chako Mtunza Leja naona ninyi mlihesabu visima vilivyochimbwa. Hakuna aliyehesabu wanaokunywa.


#9 Mtunza Leja

Dada (au kaka) wa Nyeri, umenigusa penyewe. Ripoti kwa mfadhili niliiandika mimi. Safu ilisomeka "visima vilivyokamilika: 11". Hakukuwa na safu nyingine, na mimi ndiye niliyechora jedwali.

Mama wa Kariakoo, asante kwa kumleta mke wa jirani. Nimesoma mara tatu.


#10 Kijana wa Kahama

Nimekubali kuelimishwa. Lakini mleta uzi umetuacha njiani. Yule Mama aligundua? Na fundi je? Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe ni mwenyekiti wa kikundi cha vijana, na nikisoma naona ninawaambia wenzangu maneno kama yale ya sanda. Si hayo hayo, lakini ndugu yake.


#11 Mtunza Leja

Mdogo wangu, asante kwa kusema hivyo hadharani.

Aligundua mwenyewe. Mwezi wa tano alikuwa akipita njia ile kwenda msibani, bila taarifa, kwa basi, maana pikapu hakuwa nayo tena. Akashuka aione pampu yake. Alikuta mbuzi wawili wamefungwa kwenye mpini wake. Mnyororo ulikuwa umeanza kutu. Akabonyeza, akanywa, akakaa pale chini.

Alirudi ofisini siku ya tatu. Hakumfokea mtu. Alikuja mezani kwangu akaomba daftari, akafungua mwezi wa kumi, akaona salio. Akaniuliza: "Hela ya kuhamisha mtambo ilikuwepo?" Nikasema ndiyo. "Na wewe ulijua?" Nikasema ndiyo. "Mbona hukuniambia?" Nilitafuta jibu. Nilitaka kusema nilikuogopa, lakini haikuwa kweli. Nilitaka kusema nilikupenda, na hilo sikuweza kulitamka mbele ya mkurugenzi. Nikatazama meza. Akasubiri sana, kisha akasema, "Nimekuelewa," akaenda zake ofisini akafunga mlango.

Jumatatu yake alibadili vikao. Yeye akawa anazungumza mwisho, na dereva na mpishi wanaanza. Wiki za mwanzo ilikuwa shida tupu. Watu walizoea kumsikiliza kwanza ndipo wajue wanafikiri nini. Mpishi ndiye aliyevunja ukimya, akasema vijijini watu wanatucheka kwa kile kisima cha mbuzi. Mama aliandika maneno yale kwenye daftari lake kama yalivyo. Mkono ulimtetemeka, nilikuwa nimekaa karibu. Moto wake haukupungua hata kidogo, na bado alikuwa analia kwenye vikao. Lakini alipolia alimwambia mtu aendelee kusema.

Kwa hiyo wewe na kikundi chako, sina zaidi ya hilo. Zungumza mwisho, na siku neno la namna ile likikutoka, mfuate uliyemwambia siku hiyo hiyo, usingoje miezi saba.

Fundi alikuwa ameshaacha kazi tangu Januari. Mama alisafiri hadi kwao kumwomba radhi. Alimpokea vizuri, wakanywa chai, ila kazini hakurudi, alikuwa ameanza shughuli zake. Wiki mbili baadaye bahasha ilikuja kwa basi, nikaenda kuichukua stendi. Ndani kulikuwa na nakala za vipimo vya visima vyote 11 kwa mwandiko wake, na juu kabisa ile karatasi ya kikao, mikunjo yake miwili bado inaonekana. Vijiji vinne vilipigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni ya kila kimoja alikuwa ameandika umbali na upande wa kuchimba upya: hatua 300 kaskazini ya shule, nyuma ya mbuyu, na kadhalika.

Tulianza na kile cha nyuma ya mbuyu.